Fyuzi ya Kumi na Nne

Na ifahamike kwa kila mwenye gari, na kwa kila mwenye ndugu anayeendesha gari la mwingine, kwamba siku ya Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, mpelelezi asiye na mpinzani katika umeme wa magari, bingwa wa shoti za wazi na za kificho, aliwasili rasmi katika uwanja wa kituo cha polisi ili kuuanika ukweli.

Aliwasili kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea taka, kwa sababu askari wa geti kubwa alimwambia azunguke. Hatua ya nne baada ya mlango huo alikanyaga kopo la maji la mbwa wa kituo. Raba ya mguu wa kulia ikalowa mpaka soksi. Mbwa akamtazama kwa masikitiko, kama mtu aliyezoea kuletewa mafundi wa aina hii.

Watu walimwita Inspekta. Hakuwa polisi, na hajawahi kuwa. Alikuwa fundi umeme wa magari, na jina hilo alibandikwa kwa tabia yake ya kumhoji mwenye gari nusu saa nzima kabla ya kugusa boneti. Gari lililala wapi? Lilibeba nini? Nani aliufunga mlango mara ya mwisho? Wenye haraka walikwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Wenye subira walikaa juu ya tairi kuukuu wakajibu.

Siku hiyo alivaa koti la kazi la mifuko sita. Ndani yake mlikuwa na mita, bisibisi tatu, koleo, tochi, balbu ya taa kubwa iliyofungwa nyaya mbili, na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Hicho cha mwisho ndicho alichojivunia zaidi. Kila skrubu aliyoikaza kwa mkono wake aliipaka tone moja kichwani.

"Hiyo ndiyo sahihi yangu," alikuwa akiwaambia wateja. "Penye tone, niulizeni mimi. Pasipo na tone, msinisumbue."

Kichupa chenyewe alikiazima kwa mdogo wake wa kike, miaka miwili iliyopita, kwa siku moja.

Mdogo wake alikuwa amekwisha kufika. Alikaa kwenye benchi nje ya mapokezi, mkoba mapajani, na juu ya mkoba daftari la shule lenye jalada la kijani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Nimeiangalia ikapoa. Kaa hapa. Mbona mguu unalia chwa chwa?"

"Nimekutana na mbwa," alisema Inspekta, akakaa.

Jambo lililowaleta hapo halikuwa na mzaha ndani yake. Siku kumi na mbili kabla, saa moja kasoro dakika kumi jioni, pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi ilikuwa ikipanda kilima na mifuko ishirini ya saruji. Taa za mbele ziliwaka, kwa hiyo dereva aliiona njia yake. Taa za nyuma zilikuwa zimezimika, kwa hiyo mwendesha pikipiki aliyekuja nyuma hakuiona pikapu. Alifia pale pale. Aliacha mke na watoto wawili, mdogo wao hajaanza hata shule.

Dereva wa pikapu alikuwa mume wa huyu mwanamke mwenye daftari. Alhamisi saa tatu asubuhi angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuendesha gari huku akijua kuwa taa zake za nyuma ni mbovu, na mtu akafa. Wakili wake, kijana mwenye mafaili mengi kuliko mikono, aliwaambia neno moja la maana: atafutwe fundi wa kuonyesha kwamba fyuzi iliungua kwa hitilafu ambayo dereva asingeweza kuijua. Taarifa hiyo ifike kwa sajini wa usalama barabarani kabla ya saa kumi jioni. Isipofika, mume atakwenda jela, na watoto wake watamkuta baba yao akiwa na mvi.

"Lete daftari," Inspekta alisema.

Lilikuwa daftari la dereva. Mtu yule alikuwa na mwandiko wa kubana, kama anayeogopa karatasi itaisha. Kila fyuzi ya taa za nyuma iliyoungua aliiandikia tarehe na mzigo. Miezi minane, fyuzi kumi na tatu. Ya kumi na nne ndiyo iliyoungua kilimani, na hiyo hakuwahi kuiandika.

"Saruji. Saruji. Kokoto. Saruji," Inspekta alisoma. "Nondo hakuna. Milango hakuna. Ya kwanza ni Jumatatu hii hapa. Kabla yake?"

"Kabla yake hakuna. Miaka mitatu hakuna."

"Jumatatu hiyo kulikuwa na nini? Mvua? Gari liligongwa?"

"Hakuna. Jumamosi ya kabla yake tu ndipo Mama Saruji alipofungiwa zile kulabu za kufungia kamba kule nyuma."

"Kulabu ni chuma tupu. Hazili umeme," Inspekta alisema, akafungua ukurasa mwingine. "Tuendelee."

Mama Saruji ndiye mwenye duka na mwenye pikapu.

Waliruhusiwa kumwona mahabusu kwa dakika tano, kupitia kidirisha cha nyavu. Dereva alikuwa amepungua. Mkanda walimnyang'anya, kwa hiyo alishika suruali kwa mkono mmoja muda wote.

"Karibu, shemeji," alisema. "Umekuja kunihoji au kunizika?"

"Punguza maneno, dakika ni tano. Fyuzi ilikuwa ikiungua ukiwa wapi?"

"Barabara mbaya. Penye matuta. Gari likiwa tupu haiungui hata nikiruka shimo."

"Ukiibadilisha mwenyewe njiani, ulikuwa ukiweka ya ukubwa gani?"

"Ile ile uliyoniambia. Ya ampea kumi. Sikuwahi kuweka waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, kama unataka kuuliza hilo."

"Nilitaka kuuliza hilo."

"Najua. Ndiyo maana ulimwambia Mama Saruji kwamba nachezea fyuzi ili nisitumwe safari za jioni."

Mdogo wake Inspekta aligeuza shingo polepole.

"Nilisema labda," Inspekta alijibu.

"Hukusema labda, shemeji. Nilikuwa chini ya gari nikifunga tairi. Nilikusikia."

Askari akagonga mlango kwa funguo. Dakika zilikuwa zimekwisha, au alichoka kusubiri.

Sajini wa usalama barabarani alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu anayejua nani ameficha mkate bwenini. Aliwapeleka hadi ilipoegeshwa pikapu, nyuma ya ofisi, karibu na ukuta. Bampa la nyuma lilikuwa limeingia ndani. Taa ya kulia ilibaki nyaya tu. Juu ya mlango wa nyuma kulikuwa na alama ya rangi ya bluu ya pikipiki, na hakuna aliyeitazama mara mbili.

"Guseni mnachotaka, msiondoe kitu," sajini alisema. "Nitakuwa naandika. Na kabla hujaanza, fundi, nikusomee ulichokwisha kusema." Akafungua faili. "Maelezo ya mwenye gari. 'Fundi wangu alikagua nyaya zote, akaniambia ni nzima. Akasema fyuzi haijiunguzi yenyewe, nimuulize dereva wangu.' Ni wewe huyu?"

"Ni mimi huyo, afande."

"Ulikagua nyaya zote?"

Inspekta alikohoa. "Niliangalia zinazoonekana."

"Haya. Leo angalia na zisizoonekana."

Alianza kazi, na lazima isemwe kwamba katika kazi hakuwa na utani. Aliichomoa fyuzi iliyoungua, akaiinua kwenye jua. Kiuzi cha ndani kilikuwa kimelipuka na kuacha doa jeusi. "Haikufa kwa uchovu," alimwambia sajini. "Imepigwa shoti ya ghafla. Umeme mwingi, mara moja." Mahali pake akachomeka nyaya mbili za ile balbu kubwa, kisha akaining'iniza balbu kwenye kioo cha pembeni, kila mtu aione.

"Huyu ndiye shahidi wetu. Tukiwasha taa za nyuma na kila kitu ni salama, itawaka kidogo tu, kama mtu anayesinzia. Waya ukigusa bodi ya gari, itakodoa macho. Na haitaungua. Tunaweza kuiuliza swali lile lile siku nzima."

Akawasha taa. Balbu ikasinzia.

Aliifunga kwa utepe ile taa ya kulia iliyovunjika, nyaya zisigusane. Balbu ikasinzia. Akaitikisa ya kushoto, akaipiga kwa kiganja. Ikasinzia. Akaivuta taa ya namba. Akafungua soketi ya kuvutia tela, na hapo moyo wa kila mtu ukaruka, kwa sababu ndani ya soketi nyigu walijenga nyumba ya udongo na pini zote zilikuwa za kijani kwa kutu.

"Kaka, ni hapo!" mdogo wake alisema. Alikuwa amesimama.

"Tulia."

"Ni hapo, si unaona!"

Inspekta alichokonoa udongo kwa bisibisi, akazigusanisha pini mbili kwa makusudi, akatazama juu. Balbu ilisinzia kama mzee kanisani. Akaufuata waya wa soketi kwa vidole mpaka mwisho wake: ulikuwa umekatwa zamani na kufungwa utepe. Soketi ilikufa kabla ya nyigu kuhamia.

Mdogo wake alikaa tena chini, safari hii kwenye changarawe. Saa ya ukutani ya mapokezi, iliyoonekana kupitia dirisha, ilikuwa saa saba na robo.

Inspekta alifungua daftari la kijani. Saruji, saruji, kokoto. Akafunga daftari.

"Afande, naomba askari."

"Wa kumkamata nani?"

"Wa kukaa. Naomba wanene."

Hivyo ndivyo askari wanane wa jeshi la polisi walivyopandishwa nyuma ya pikapu kuwakilisha mifuko ya saruji. Walikuja wakicheka. Mpishi wa kituo aliitwa pia, kwa sababu zinazoonekana kwa macho. Walikaa sakafuni wakibanana mabega, na pikapu ikashuka juu ya springi zake kwa mlio wa kulalamika.

Balbu ikasinzia.

"Rukeni kidogo," Inspekta alisema.

"Turuke?"

"Kama mnapita kwenye matuta."

Wakaruka. Mara ya kwanza hawakupatana. Mara ya pili wote waliinuka na kushuka pamoja, na balbu ikakodoa. Mwanga mweupe uliwapiga machoni mchana kweupe, ukafifia, ukarudi, ukabaki.

Hakuna aliyecheka. Mdogo wake Inspekta aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Msishuke!" Inspekta alisema, akalala chali, akajivuta chini ya gari.

"Likikuangukia hiyo ni kesi nyingine," sajini alimwonya, huku akiandika.

Tochi ilipita kwenye springi, kwenye ekseli, kwenye fremu. Bunda la nyaya lilipita juu ya fremu ya kushoto, limefungwa utepe mweusi. Na hapo, karibu na kona ya nyuma, ncha ya skrubu ilikuwa imetoka katika sakafu ya pikapu na kuzama ndani ya utepe kama sindano ya daktari. Pembeni yake shaba ilimetameta. Utepe ulikuwa na matundu mengi mahali hapo. Mtu mwenye subira angeweza kuyahesabu.

"Shukeni wote!"

Wakashuka. Sakafu ikainuka kiasi cha unene wa kucha mbili, ncha ikachomoka, balbu ikasinzia.

"Pandeni!"

Wakapanda. Ncha ikazama. Balbu ikakodoa.

"Shukeni."

Alisema hilo la mwisho kwa sauti ndogo. Baada ya hapo hakutoka. Askari walipangusa suruali zao na kurudi kazini. Mpishi alirudi jikoni. Viatu viwili vilibaki vimejitokeza chini ya pikapu, kimoja kikavu na kimoja kimelowa, na havikusogea.

"Fundi," sajini aliita. "Umeona nini?"

"Waya umechubuka."

"Umechubuliwa na nini?"

Kiatu kilicholowa kilijivuta ndani kidogo.

"Uchakavu, afande. Gari ni la zamani."

Kalamu ya sajini ilisikika. "Uchakavu," alirudia. "Basi ndugu zangu, mmejimaliza wenyewe. Uchakavu wa miezi minane, fyuzi kumi na tatu, na dereva ameziandika zote kwa mkono wake. Alijua gari lina ugonjwa, akaendelea kuliendesha. Hakimu atalisoma hili daftari kesho kwa furaha sana."

"Lakini ni yeye aliyelipeleka kwa fundi kila mara!" mdogo wake Inspekta alisema. "Kila mara, afande!"

"Na fundi akasema nyaya ni nzima. Ninayo hapa. Mmoja wao anaongopa, na aliye kwenye nyavu ni mmoja." Akatazama saa. "Nitaifunga taarifa saa kumi. Kama kuna la kuongeza, liongezwe."

Inspekta akajitoa chini ya gari. Mgongo wote wa koti ulikuwa mweupe kwa vumbi la saruji. Hakumtazama mtu. Alizunguka kwenda nyuma ya pikapu, na kwa kuwa mbwa alikuwa amejaziwa maji upya, alikanyaga kopo lile lile kwa mguu ule ule. Safari hii hata mbwa hakujishughulisha.

Akapanda juu. Sakafu ya pikapu ilifunikwa na tabaka la saruji iliyomwagika na kukanyagwa kwa miezi, ya kijivu, laini kama unga. Kulabu nne zilisimama, mbili kila upande, kila moja na skrubu mbili zilizozikwa chini ya vumbi. Inspekta alikwenda moja kwa moja kwenye kulabu ya kushoto kwenye kona ya nyuma, akaweka mguu wa kulia pembeni yake, akasimama.

"Unaangalia nini huko?" sajini aliuliza.

"Naangalia tu kama kuna la kuongeza."

"Lipo?"

"Halipo, afande."

Mdogo wake alikuwa amekuja mpaka kwenye mlango wa nyuma. Alilaza kiganja sakafuni, akapangusa vumbi kwenye kulabu ya kulia, polepole, kama anavyopangusa meza ya wageni. Kichwa cha skrubu kikatokea, na juu yake tone jekundu. Akapangusa cha pili. Tone. Akapanda kwa magoti, nguo nzuri aliyoivalia kituoni ikiburuzika kwenye saruji, akaenda kwenye kulabu ya mbele, kisha ya upande wa pili. Tone, tone, tone, tone. Skrubu sita. Akafika kwenye kulabu ya mwisho. Ya saba ilikuwa na tone.

Alitazama raba iliyolowa iliyokuwa imekanyaga mahali pa ya nane.

"Kaka," alisema. "Inua mguu."

"Nyumbani tutaongea."

"Inua mguu, kaka."

Aliinua. Alikuwa ameuweka pale ili aifunike, lakini mguu wenye maji haufuniki vumbi. Ulikuwa umelilamba lote. Katikati ya alama ya raba, safi kama imeoshwa kwa sabuni, ilibaki skrubu yenye kichwa kipana kuliko wenzake saba, na tone jekundu lililokuwa liking'aa.

"Hii rangi ni yangu," mdogo wake alisema.

Sajini alikuwa ameacha kuandika.

"Zilikuja nane," Inspekta alisema. Alikuwa akizungumza na kulabu. "Moja iliniponyoka ikaingia mtaroni. Jumamosi, saa nane, Mama Saruji anataka gari lake. Nikachukua nyingine kwenye kopo langu. Ndefu kidogo. Nikasema nitarudi kuibadilisha."

"Ulirudi?"

"Nilisahau."

"Na fyuzi ya kwanza ilipoungua?"

"Nilibadilisha fyuzi."

"Na ya tano? Na ya kumi?"

"Nilibadilisha fyuzi."

"Na Mama Saruji alipokuuliza?"

Inspekta alikwaruza saruji kwenye kulabu kwa ukucha.

"Alipokuuliza, kaka, ulimwambia ni nani?"

"Nilimwambia ni mume wako."

Mdogo wake hakulia. Alibaki amepiga magoti kwenye saruji, mikono imelala juu ya mapaja, akiitazama ile alama ya rangi ya bluu kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa wa kwanza kuitazama kwa muda mrefu siku ile.

Sajini alichana ukurasa, akaukunja, akautia kwenye faili pamoja na mengine. Akafungua ukurasa mweupe.

"Tunaanza upya," alisema. "Jina la fundi aliyefunga kulabu?"

Hapa msimulizi angependa kuendelea kusema kwamba Inspekta alijibu hivi, na Inspekta alifanya vile, kwa kuwa mtu ukimwita Inspekta ni rahisi kumcheka, na ukimcheka huhitaji kumtazama. Lakini sina tena pa kuweka mguu. Inspekta ni mimi. Kopo la mbwa nililikanyaga mimi, mara mbili. Skrubu ya nane niliikaza mimi, nikaipaka rangi mimi, nikaipuliza mpaka ikakauka. Yule mtu wa pikipiki sijawahi kumwona uso, na watoto wake sijui nitawatazama wapi.

Nililitaja jina langu, lote, kama lilivyo kwenye cheti. Sajini akaniambia nilirudie polepole.

Mdogo wangu alinyoosha mkono bila kugeuka.

"Nipe kichupa changu," alisema.

Nikampa.